Mikusanyiko ya roki kwenye santuri: uanze na ipi, uiache ipi

Kijana mmoja wa Chumbageni, hapa Tanga, kapata gramafoni ya mtumba, kaja kwangu na swali: "Mjomba, nianze na santuri gani ya roki?" Nikamwambia aanze na mkusanyiko. Akakunja uso. Kwake yeye mkusanyiko ni zile "nyimbo bora" anazouziwa mtu asiyejua muziki.

Sisi watu wa Tanga hatuna haki ya kudharau mkusanyiko. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, bendi zilizoujengea mji huu jina, tulizijua kwa santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, wimbo mmoja upande huu na mmoja upande ule. Marehemu baba yangu mdogo aliacha sanduku zima la hizo Ngamiani, zimefyatuliwa Nairobi, santuri kubwa hata moja hamna. Anayezitaka nyimbo zile leo amtafute aliyezikusanya. Sasa bendi nyingi za Uingereza za miaka ya 80, hizi za roki ya "indi" zilizoanzia kwenye kampuni ndogo, ziliishi vivyo hivyo: wimbo mtamu unatoka kwenye santuri ndogo, kisha albamu inakuja bila wimbo huo. Ndiyo maana kipimo changu ni kimoja tu. Mkusanyiko huu una nini ambacho albamu hazina?

Namba moja kwangu ni Hatful of Hollow ya The Smiths, Rough Trade, Novemba 1984. Bendi hii ya Manchester ilikuwa na albamu moja tu, ya mwaka huohuo, na tayari ikatoa mkusanyiko wa nyimbo 16. Baadhi zilitoka kwenye santuri ndogo. Nyingine zilirekodiwa BBC kwa ajili ya vipindi vya John Peel na David Jensen. Aliyelelewa na Radio Tanzania (RTD) hahitaji maelezo hapo: bendi inaingia studio ya redio, inapiga, inaondoka, hakuna muda wa kuremba. Nyimbo zilezile za albamu ya kwanza, hapa zina damu zaidi. Msikilize Johnny Marr kwenye gitaa. Nyuzi anazidonoa moja moja, zinajibizana, na masikio yaliyozoea solo na rizimu za dansi hayatahangaika kumfuata. Jalada la mwanzo liliandikwa kabisa kwamba usilipe zaidi ya pauni 3.99. Siku hizi wauzaji hawalisomi.

Kasoro yake: dakika 56 zimebanwa kwenye sahani moja, yaani kama dakika 28 kila upande. Mistari inayopitiwa na sindano ikibanana hivyo sauti hushuka, nawe ukipandisha spika unapandisha na vumbi. Naisamehe.

Ya pili, Louder Than Bombs, hao hao The Smiths, 1987. Iliandaliwa kwa soko la Marekani, nyimbo 24 kwenye sahani mbili, kwa hiyo mistari inapumua na besi inasikika ilivyo. Kwa hesabu ya wimbo kwa shilingi, hii ingekuwa ya kwanza. Tatizo, nyimbo kadhaa zimo pia kwenye Hatful, na sahani mbili maana yake ni uzito mara mbili: santuri nzito moja ni gramu 180 kabla hujahesabu jalada na boksi, na kifurushi hutozwa kwa mizani. Kuna na The World Won't Listen ya mwaka huohuo, iliyotoka Uingereza. Ukiwa na Louder, hiyo ipite.

Ya tatu ni The Masterplan ya Oasis, 1998. Nyimbo 14, zote za upande wa pili wa santuri zao. "Acquiesce" ilifichwa nyuma ya "Some Might Say" mwaka 1995. Bendi nyingine ingefungua albamu kwa wimbo ule.

Ya nne, Dead Letter Office ya R.E.M., bendi ya Marekani, 1987. Mpiga gitaa wao, Peter Buck, aliandika mwenyewe kwenye jalada kwamba kuisikiliza ni kama kupekua duka la vikorokoro. Ni belo la mitumba hasa: shati moja la maana, soksi kumi zisizo na pea. Mimi hupenda kupekua. Wewe huenda hupendi.

Ya mwisho, Substance ya New Order, 1987, na najua nitagombana na watu. Kwa kuchezesha ukumbi haina mpinzani. Lakini "Temptation" na "Confusion" zilirekodiwa upya, na nyimbo kadhaa zimefupishwa. Nikinunua kumbukumbu naitaka kama ilivyotoka.

Nje ya orodha, maana si roki, kuna Nyota ya mwaka 1989: taarabu ya Black Star na Lucky Star, vilabu vya hapahapa kwetu, imetolewa na GlobeStyle ya Uingereza. Ya nyumbani nayo tunaiagiza ng'ambo!

Ukiagiza, soma alama ya hali yake. NM ni karibu mpya, VG+ inafaa, ila VG tupu ("Very Good", yaani nzuri sana), pamoja na maneno yake matamu, itakukwaruzia masikio. Omba picha iliyopigwa sahani ikiwa kwenye mwanga wa ubavuni. Na uliza kifurushi kitakaa wapi njiani. Moja yangu ililazwa juu ya injini ya basi kutoka Dar, ikapinda kwa joto. Nilipoiweka, sindano ilipanda na kushuka kama ngalawa pale Deep Sea. Ikifika salama, isimamishe wima, mbali na bati na dirisha la jua. Hewa yetu ya bahari huleta ukungu, kwa hiyo usiifungie kwenye nailoni. Ukiuona, kitambaa laini, maji safi na tone la sabuni, ufute kufuata mduara, usikatize mistari.

Yule kijana hakunisikiliza, kaagiza Louder Than Bombs. Jumamosi iliyopita kaja kuazima Hatful yangu.