Mashine ya kupiga mahindi Njoro: mwenyewe alikuja shambani usiku

Wakulima wenzangu, nimemaliza kupiga mahindi juzi hapa Njoro na nimeona lazima niandike kuhusu huyu jamaa wa mashine wa upande wa Chuo Kikuu cha Egerton, kwa sababu mwaka jana niliumia sana na mtu mwingine, jina nitaacha, alichukua pesa ya dizeli akaniachia mahindi chini ya turubai mvua ya Novemba ikinyesha, simu hashiki siku tatu, na gunia 9 zikaingia kuvu nikatupa zote, hata ng'ombe sikuthubutu kuwapa.

Sasa huyu wa mwaka huu. Bei yake ni shilingi 70 kwa gunia, ya kawaida tu. Mashine ilifika na kijana wake saa nne asubuhi vile tulikubaliana, na mpaka saa tisa kazi ilikuwa safi, magunzi yanatoka meupe bila punje hata moja. Halafu mashine ikaanza kuvunja mahindi. Kijana anayeiendesha akazima, akabadilisha wavu, akapunguza mwendo wa trekta, wapi, punje bado zinatoka vipande vipande na unajua vizuri mahindi ya kuvunjika hayakai stoo, wadudu wanaanzia hapo. Nikajua basi, ni yale yale ya mwaka jana.

Kijana akampigia mwenyewe. Mzee alikuja na pikipiki jioni hiyo hiyo, akafungua kifuniko, akalala chini na tochi ya simu karibu saa moja nzima, kumbe beringi imeisha na drum, ile inayozunguka ndani kutoa punje, inacheza. Akajaribu kuifunga, ikakataa. Akasimama akaniambia, "Mama, hii hata nikiilazimisha itaharibu jasho lako." Saa tatu usiku akarudi na mashine yake ingine, wakapiga mpaka saa sita usiku gunia 62 zikaisha, na zile 4 zilizovunjika hakunilipisha hata shilingi.

Hapo ndipo nilimkumbuka Jerome Case. Wengi mnaona hilo jina Case kwa trekta nyekundu na hamjui ni jina la mtu. Alizaliwa 1819 jimbo la New York, Marekani, na mwaka 1842 akachukua kwa mkopo mashine sita za kupura ngano akaelekea nazo Wisconsin, tano akaziuza njiani, ile ya sita akabaki nayo akipuria wakulima shamba kwa shamba kwa malipo. Yaani alianza kazi hii hii ya mzee wetu! Mashine za wakati huo zilikuwa zinapura tu, ngano na makapi vinatoka pamoja, kupepeta ni kazi yako, na yeye kwa sababu alikuwa analiona hilo tatizo kila siku shambani akaunda mashine inayofanya yote mawili. Alitaka kujenga kiwanda mji wa Rochester kule kule Wisconsin, wakamnyima ruhusa ya kutumia nguvu ya maji ya mto, akahamia Racine kando ya Ziwa Michigan, na hao hao wa Racine wakaja kumchagua meya mara tatu, halafu 1865 na 1866 akawa kwa seneti ya jimbo, ile ya Wisconsin, siyo ile ya Washington. Rochester walipoteza mtu.

Lakini kinachosimuliwa zaidi ni cha 1884. Mashine yake ilikataa kufanya kazi kwa mkulima mmoja Minnesota, mafundi wakashindwa, akaenda mwenyewe. Alikuwa na miaka 64, tajiri, na mwaka huo huo farasi wake wa mashindano, Jay-Eye-See, alikuwa amekimbia maili moja kwa dakika 2 na sekunde 10, angeweza kabisa kutuma barua. Akahangaika nayo, ikamshinda, akaichoma moto pale pale shambani na kesho yake mkulima akatumiwa mpya. Mzee wetu hawezi kuchoma mashine, atakula nini, lakini ule moyo wa kukataa mahindi ya mtu yaharibike na jina lako liko hapo, huo nimeuona kwa macho yangu saa tatu usiku.

Kuna kitu kimoja sikupenda na nilimwambia: mkanda wa mashine ya pili hauna kifuniko, na msimu wa kupiga mahindi watoto wanajaa pale kuokota punje. Alinisikiliza, akasema atachomelea kifuniko. Nitaangalia kama amefanya akija kwa maharagwe.

Kama unamtaka, mwambie mapema, Oktoba ikianza tu, maana anaandika watu kwa daftari na anafuata foleni, hata ukimwongezea pesa hakurushi mbele ya mwenzako. Na uwe umeanika vizuri, mahindi mabichi atakuambia ungoje.