Vitz ya 2007 na usukani mzito: gereji mbili za Mombasa, majibu mawili

Gari langu ni Toyota Vitz ya 2007, injini ya 1300, bodi SCP90. Kulitengenezea usukani hapa Mombasa kumenigharimu shilingi 24,200 kwa jumla, na kati ya hizo, pesa iliyofanya kazi kubwa kuliko zote ni ile 1,500 ya kupima. Naandika kwa ajili ya wenye Vitz, Passo, Runx na vigari vya rika hilo, maana pawa yake, yaani msaada unaoufanya usukani uwe mwepesi, si ile waliyoizoea mafundi wengi.

Pawa hii haina oil. Hakuna pampu, hakuna mkanda, hakuna mipira ya kuvuja. Kuna mota ya umeme iliyofungwa kwenye shafti ya usukani, chini ya dashibodi, karibu na magoti ya dereva. Ndani ya shafti hiyo mna sensa inayopima mkono unavuta kwa nguvu gani na kuelekea upande gani. Kompyuta yake ndogo inasoma sensa, inaangalia na mwendo wa gari, halafu inaiambia mota isaidie kiasi gani: mwendo mdogo inasaidia sana, ukikimbia inapunguza. Nayaeleza haya mapema kwa sababu gereji ya kwanza, kijana alifungua boneti akaanza kutafuta kikopo cha oil ya pawa.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kuja na kwenda. Asubuhi gari zima kabisa. Nikifika kwenye foleni ya feri Likoni, AC inafanya kazi, feni ya injini inazunguka, mara usukani unakuwa mzito na taa ya P/S inawaka kwenye dashibodi. Anayevuka pale kila siku anajua ugumu wake: unatambaa mwendo wa kinyonga, unakata kulia, unakata kushoto, unafuata mkono wa anayepanga magari, na nyuma yako lori limekukaribia. Hapo ndipo mota inapofanya kazi nyingi zaidi. Nikizima na kuwasha tena, wepesi unarudi. Kwa wanaoogopa: pawa ikikatika usukani haufungi, kwa sababu shafti bado imeunganishwa na magurudumu chuma kwa chuma. Unakata kama kawaida, ila mabega ndiyo yanayolipa.

Gereji ya kwanza nilikwenda na ndugu yangu wa kiume, na maelezo yote alipewa yeye, ingawa gari langu na pesa zangu. Tuliambiwa raki, ile sehemu ya chini inayogeuza magurudumu, imekufa. Ndugu yangu alipouliza oil iko wapi, raki ikafufuka, ikawa sasa ni shafti nzima ya usukani ibadilishwe, 45,000 pamoja na ufundi. Kwa kipimo gani? Walichomeka kile kidude cha bei rahisi kinachosoma kwa simu, kikasema gari halina hitilafu. Sasa kama halina hitilafu, 45,000 ya nini? Vidude vile vingi vinasoma namba za hitilafu za injini tu, zile zinazoanza na herufi P. Namba za usukani wa Toyota huanza na C na zinataka mashine inayoweza kuzungumza na kompyuta ya usukani yenyewe. Kwa hiyo kuambiwa "hakuna namba" baada ya kipimo cha aina ile hakukwambii lolote. Fundi akajitetea kwamba haya ni mambo mapya. Mapya wapi? Suzuki iliuza Cervo yenye usukani wa umeme tangu 1988. Nikawalipa 500 ya kuangalia, nikaondoka.

Wa pili ni fundi wa umeme wa magari huko Shimanzi, mzee wa makamo asiyependa maneno. Alinitajia kwanza bei ya kupima, 1,500, nikitengeneza kwake au nisitengeneze. Hilo peke yake lilinifanya nikae.

Mashine yake ilitoa namba mbili. C1552, ambayo ni umeme unaoilisha mota kutokuwa sawa, na C1513, ambayo ni sensa ya kwenye shafti kutoa vipimo viwili visivyokubaliana. Nilitegemea aseme basi tununue shafti. Hakusema. Alichukua mita, akaniambia niwashe injini, AC, taa kubwa, kisha nikate usukani mpaka mwisho nikiwa nimesimama. Kwenye betri alipata volti 13.8, yaani alteneta inachaji vizuri. Halafu akaweka ncha moja ya mita kwenye negativu ya betri na nyingine kwenye bodi ya gari, akaniambia nikate tena. Mita ikaonyesha 1.6. Pale panatakiwa pawe karibu na sifuri. Volti zile zilikuwa zinapotelea njiani, kwenye waya wa ethi, ule unaounganisha negativu ya betri na bodi.

Tulipoufungua huo waya, chini ya plastiki yake ulikuwa umegeuka kijani na kumomonyoka. Hii ndiyo Mombasa. Hewa ya chumvi haichagui gari, na waya wa ethi hukaa pale chini bila mtu wa kuutazama. Mota ya usukani ikianza kuvuta, inavuta ampea nyingi kwa mpigo, kuliko redio na taa za ndani, ndiyo maana vitu vingine vyote vilikuwa vinafanya kazi na usukani peke yake unalalamika. Mzee akafunga waya mpya mnene zaidi, akapiga msasa bodi mpaka chuma kikang'aa, akasafisha vichwa vya betri, akapaka grisi. 1,200.

Hapo akafuta namba zote na kuniambia, "Usinunue kitu kwanza, mwanangu. Endesha, kisha urudi." Nimeshakaa na mafundi wa kutosha kujua kwamba sentensi hiyo haipatikani kila gereji.

C1552 haikurudi tena. Uzito wa kwenye foleni ukaisha. Ila C1513 ilirudi, na safari hii kwa dalili yake yenyewe: nikiwa kwenye daraja la Nyali, gari limenyooka, usukani ukajivuta ghafla kidogo kwenda kushoto bila mimi kuugusa. Huo si uzito tena, huo ni msaada unaotolewa bila kuombwa, na binafsi ndio ulionitisha. Mzee akapima plagi na waya za sensa, zikawa nzima. Sensa ile imejengwa ndani ya shafti, haiuzwi peke yake madukani. Kwa hiyo mwishowe shafti ilibidi, lakini sasa nilijua kwa nini ninainunua. Ningeifunga kwenye gari lenye ethi mbovu, mpya nayo ingewasha taa foleni ya kwanza tu.

Shafti ni ya ex-Japan, yaani iliyotumika Japani. Muuzaji alianzia 22,000, tukaachana kwenye 16,500. Mzee alikataa kuichukua ya kwanza iliyoletwa, ingawa kwa macho ilifanana, kwa sababu namba ya kwenye lebo na umbo la plagi havikulingana na vya kwetu. Pigeni picha lebo ya ile ya zamani kabla hamjaenda dukani, na hakikisheni mmeandikiwa muda wa kurudisha. Mimi nilipewa wiki moja.

Ufungaji ndio uliomtofautisha mzee huyu na wengine. Alifungua negativu ya betri, akaenda kunywa kahawa yake. Nikadhani ni uvivu, kumbe Toyota wenyewe wanataka usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa usukani wenye eabegi. Akatia alama ya rangi pale shafti inapoungana na joyinti ya chini ili irudi palepale. Ule utepe wa waya unaojizungusha nyuma ya usukani akaufunga kwa tepu ya karatasi usizunguke, maana ukiachwa ukapotea katikati yake, siku ukikata sana unakatika na honi na eabegi vinakwenda nao.

Kufunga kulipoisha, taa ya P/S ikabaki inawaka. Nikakata tamaa. Yeye alikuwa anaitarajia. Kompyuta ilikuwa bado inakumbuka sifuri ya sensa ya zamani, yaani kipimo chake mkono usipovuta, lazima ifundishwe mpya: gari kwenye sakafu tambarare, magurudumu yamenyooka, usukani katikati, na mtu yeyote asiuguse. Ndugu yangu alikuwa amekaa ndani ameegemeza mkono juu yake. "Shuka," mzee akasema. Akafuta sifuri ya zamani kwa mashine, akaandika mpya, taa ikazimika. Shughuli fupi mno, lakini isipofanywa taa haizimiki, au usukani unavuta upande mmoja, na hapo ndipo utaambiwa spea uliyonunua ni mbovu, kalete nyingine. Ufundi wote huo, 4,500.

Kasoro zake zipo. Karakana haina hata benchi la mteja, simu yake ikilia lazima aipokee hata akiwa chini ya dashibodi, na risiti niliipata baada ya kuidai. Garantii ya kazi yake ni ya mdomo. Usukani pia ulitoka umepinda kidogo kulia gari likiwa limenyooka, ikabidi nikafanye alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, kwingine. Gharama hiyo siihesabu humu kwa sababu matairi yalikuwa yanaihitaji tayari.

Jambo moja linalowatia watu hofu bure: ukihangaika kuegesha kwenye vichochoro vya Mji wa Kale, ukakata huku na huku gari limesimama, wepesi utapungua. Mota imepata joto na kompyuta inailinda. Kitabu cha gari kinasema usubiri kama dakika 10, na kwangu imekuwa hivyo, hakuna taa wala namba.

Kilichobaki ni mlio wa "tak" ninapokata nikiwa nimesimama, unaosikika kwenye mguu kuliko sikioni. Mzee ameuangalia na kusema ni ile joyinti ya chini imelegea, si ya hatari kwa sasa lakini nisiipeleke hadi mwakani. Nimeshaanza kuulizia bei.