Tumbusi ndani ya suti: uzoefu wangu na chapa za sanaa ya mtaani

Nilinunua seti ya chapa tatu, yaani picha zilizochapwa kwenye karatasi, kwa msanii mmoja wa Nairobi anayechapa kwa mkono: tumbusi, fisi na nguruwe. Tumbusi ndiye aliyenifanya nitoe pesa, na ndiye nitakayemzungumzia zaidi, kwa sababu wale wenzake wawili hawamfikii.

Karatasi ni ya ukubwa wa A2, nzito, si ile laini ya mabango inayong'aa na kujikunja. Bei ni shilingi 6,000 kwa moja, bila fremu. Zimechapwa nakala 50 tu, na kila moja ina namba yake na sahihi ya penseli pale chini. Tumbusi ameketi, suti nyeusi, tai nyekundu, shingo yake ya upara imechomoza kwenye kola ya shati jeupe. Mguu mmoja umekanyaga pakiti ya unga ya kilo mbili. Kucha zimeitoboa na unga unamwagika sakafuni. Usoni hana hasira yoyote. Amekaa kama mtu aliyekwisha kula na anangoja kuletewa tena. Hapo ndipo picha inapouma.

Fundi wa mabomba alipokuja kwangu kurekebisha sinki alisimama mbele yake, akaitazama, kisha akalitaja jina la mheshimiwa wa kwao bila mimi kumuuliza chochote.

Uchapaji ni wa skrini, yaani kitambaa chembamba kilichowambwa kwenye fremu: kila rangi na skrini yake, wino unasukumwa kwa raba upite. Ukipitisha kidole unausikia wino umeinuka juu ya karatasi. Kwenye nakala yangu nyekundu imesogea kidogo, kwa hiyo kando ya tai kuna ukingo mwembamba mweupe. Kuna watakaoiita kasoro. Mimi naipenda, maana ndiyo alama ya kazi ya mkono, na nyeusi yake ina ukali ambao mashine ya kawaida haiutoi.

Ukali huo umetoka ukutani. Wachoraji wa mtaani wanaotumia stensili, yaani kadi iliyotobolewa umbo la picha, hukata sura mapema wakiwa wametulia. Wakifika ukutani usiku ni kupuliza rangi na kuondoka kabla kanjo, askari wa jiji, hawajatokea, ndiyo maana hakuna vivuli laini wala madoido. Waliokuwa Nairobi mwaka 2012, uchaguzi wa Machi 2013 ukikaribia, watakumbuka tumbusi waliochorwa katikati ya jiji, hasa kwenye ule ukuta wa Muindi Mbingu karibu na City Market. Waliokuwa nyuma ya kazi hiyo ni Boniface Mwangi, mpigapicha aliyejulikana kwa picha zake za ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, pamoja na wachoraji wa grafiti kama Bankslave, Uhuru B, Swift9 na Smokillah. Mwanasiasa alichorwa kama tumbusi, na mpita njia hakuhitaji maelezo. Chapa hii ni mtoto halali wa ukuta ule.

Nguruwe naye ana historia nzito. Mei 2013 waandamanaji waliachilia nguruwe na kumwaga damu nje ya Bunge kupinga wabunge waliokuwa wakidai mishahara minono. Lakini katika chapa hii amevalishwa suti akaachwa hivyo hivyo, hana tendo lolote. Tena nina shemeji zangu Mombasa, Waislamu, na picha hiyo siwezi kuitundika sebuleni halafu nikawakaribisha chakula. Fisi ni mlafi wa hadithi za bibi, amechorwa kama kwenye kitabu cha watoto. Nimempa mpwa wangu.

Kabla ya hapa nilikuwa na nakala ya dijitali ya wale sokwe wa Banksy, mchoraji wa mtaani wa Uingereza, waliovaa mabango yanayosema chekeni sasa, siku moja sisi ndio tutashika usukani. Niliiagiza mtandaoni, ikapauka upesi kwa jua la dirishani. Hilo la rangi lingesameheka. Shida ni kwamba mnyama wa mtaani huongea lugha ya mtaa wake. Panya wa Blek le Rat, mchoraji wa stensili aliyeanza Paris mwaka 1981, na baadaye panya wa Banksy, wanasimama kwa ajili ya mnyonge anayedharauliwa lakini yupo kila mahali mjini. Mbandikie mtu wa Dar panya huyo huyo, atakachokiona ni Panya Road, vijana wenye mapanga, na lawama itamwangukia kijana badala ya mkubwa.

Hata kwa tumbusi nilikuwa na neno. Ndege mwenyewe hana hatia. Anasafisha mizoga, anatupunguzia magonjwa, na kule Maasai Mara anakufa kwa sumu ambayo wafugaji huipaka kwenye mizoga wakiwalenga simba na fisi. Aina kadhaa za tumbusi ziko ukingoni kabisa mwa kutoweka. Kumfananisha na mwizi wa mali ya umma ni kumwonea. Nilimwambia msanii hivyo kwenye simu. Akanijibu kuwa ndiyo maana amemkanyagisha unga, si mzoga: huyu anakula chakula cha walio hai. Nikaridhika.

Upande wa huduma, nililipa kwa M-Pesa na mzigo ukaja ndani ya bomba la kadibodi. Kona moja ya fisi ilikuwa imekunjamana. Msanii hakubishana, alituma nyingine. Fremu ndiyo iliyonisumbua. Duka nililoelekezwa liligandamiza kioo juu ya wino moja kwa moja, ikabidi nifungue haraka kabla havijashikana. Mwambie fundi wako aweke kadibodi ya pembeni ili kioo kisiguse wino, na usitundike panapopigwa na jua.

Ukiamua kununua, chukua tumbusi peke yake, seti nzima haina haja. Omba utumiwe picha ya namba na sahihi kabla hujalipa. Msanii ameniambia sasa anatengeneza wale korongo wakubwa wa dampo la Dandora, na nimeshaweka oda.