Vyombo vinavyotunza joto: uzoefu wangu kama mama wa Uyole

Mimi ni mwalimu wa sekondari na mama wa watoto watatu, naishi Uyole, Mbeya. Walimu wenzangu huniuliza inawezekanaje niwahi kipindi cha kwanza huku nyumbani nimeacha watoto wamekunywa uji, sare zimenyooshwa na mboga ya jioni inajulikana. Sina dada wa kazi wa kulala, na mume wangu yuko safarini sehemu kubwa ya mwezi. Kinachonisaidia ni vyombo vichache, na karibu vyote nimevichagua kwa swali moja: kinatunza joto? Huku kwetu nyanda za juu, joto ndilo linalokula muda na pesa ya mama. Unalitafuta kwa mkaa, kwa gesi au kwa umeme, halafu baridi ya Juni inalichukua kabla hujalifaidi.

Nianze na maharage, maana hapo ndipo muda mwingi wa mama wa Mbeya unapopotelea. Wifi yangu anaishi Tegeta, Dar es Salaam. Tukimtumia maharage ya njano ya huku anatusifia kwamba yanaiva haraka. Kwangu mimi maharage yale yale, ya gunia lile lile, yalikuwa yanashinda jikoni. Wapo wanaosema ni mkaa mbaya, wengine wanasema ni maharage ya msimu uliopita. Ni kweli maharage yaliyokaa sana huwa magumu, lakini sababu kubwa ni mwinuko. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Uyole imepanda zaidi kidogo. Kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua, na maji yanachemka kabla hayajafika nyuzi 100. Huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Ukiongeza mkaa yatatokota kwa fujo na kukauka upesi, ila hayatakuwa ya moto zaidi ya hapo. Mama wa Njombe au Makete ana kazi kubwa kuliko mimi, kwa sababu yeye yuko juu zaidi.

Ndiyo maana kitu ninachokipenda kuliko vyote jikoni kwangu ni presha kuka. Inaufungia mvuke ndani, mgandamizo unapanda, na maji yanavuka nyuzi 110 kabla ya kuanza kuchemka. Yaani inaurudishia mji wetu kile ambacho mwinuko umeuondolea, na kuzidisha. Yangu ni ya umeme, lita 6, wati 1,000. Maharage ya njano niliyoyaloweka usiku nayapa dakika 25 baada ya presha kupanda. Kande ya mahindi yasiyokobolewa naipa saa nzima, ya mahindi yaliyokobolewa ni chini ya hapo. Nyama ya ng'ombe yenye mifupa, ile ambayo Jumapili ilikuwa inatuchelewesha kula mpaka saa tisa, nayo haisumbui tena.

Kingine kilichonifurahisha ni kwamba nimeachana na magadi. Akina mama wengi huku tunatia magadi kwenye maharage na kande ili vilainike, na kweli vinalainika, ila magadi yanaharibu vitamini B1 na yanaacha ladha ambayo mtoto wangu wa pili alikuwa anaitambua kabla hajatia kijiko mdomoni. Sasa natia chumvi mwishoni, kitunguu, nyanya, basi.

Kuhusu umeme, najua ndilo jambo linalowaogopesha wengi. Watu wanalinganisha na jiko la koili, wakati hivi ni vitu viwili tofauti. Presha kuka ikishafikia joto lake inajizima yenyewe, inawaka kidogo tu pale joto linaposhuka, na kuta zake zimezungushiwa kizuizi cha joto. Nimekuwa nikisoma mita ya umeme ya LUKU kabla na baada: sufuria la maharage linakula nusu ya uniti au pungufu. Kwa bei ya kawaida uniti moja ni kama shilingi 356, kwa hiyo maharage ya siku mbili yanaiva kwa pesa isiyofika shilingi 200. Pesa hiyo hainunui hata nusu kopo ya mkaa. Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwezi Mei 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mimi naunga mkono, na naomba mikopo ya vyombo hivi iwafikie akina mama wa vijijini kwetu, maana yangu niliuziwa shilingi 180,000, na hiyo si pesa ambayo mama wa Inyala anaitoa mfukoni mara moja. Mimi mwenyewe niliipata kupitia mgao wa kikoba.

Kasoro zake nazo niziseme. Ule mpira wa kwenye mfuniko unashika harufu. Ukipika nyama ya mbuzi leo na wali kesho, wali utanukia mbuzi. Nautoa, nauosha kwa maji ya moto yenye siki kidogo, naukausha, na mfuniko naulaza kichwa chini badala ya kuufunga. Sufuria la ndani linakwaruzika, kwa hiyo hapo ni mwiko wa mti tu. Ndizi za Tukuyu zinarojeka humo ukizisahau kidogo, na ugali haupikiki kabisa. Umeme ukikatika katikati ya kande unasubiri, kwa hiyo mtungi wangu wa gesi wa kilo 6 bado uko palepale. Na usiichomeke kwenye ekstensheni ya waya mwembamba, waya unapata moto.

Ukienda kununua, iwe Mwanjelwa au kwingine, mwambie muuzaji aiwashe ikiwa na maji ndani mpaka ukione kile kichuma kidogo cha kwenye mfuniko kimeinuka chenyewe. Kikiinuka, mvuke umefungika na mfuniko hautafunguka mpaka kishuke. Kikibaki chini huku mvuke unatoka pembeni, mpira haukai vizuri, usiibebe. Uliza na kama mpira wa akiba unapatikana, kwa sababu ndicho kitu cha kwanza kuchoka. Nyumbani maharage yasizidi nusu ya sufuria, kwa kuwa yanatoa povu na povu linaweza kuziba tundu la mvuke. Kijiko kimoja cha mafuta kinalipunguza. Na usilazimishe mfuniko kufunguka hata kama wageni wako mezani.

Mama yangu, aliyeko Kihesa, Iringa, anatumia ile ya alumini ya kuweka juu ya gesi. Ni ya bei nafuu, inafanya kazi ile ile, ila lazima ukae karibu nayo upunguze moto ikianza kulia. Yeye ana muda wa kukaa karibu nayo. Mimi jioni nasahihisha madaftari.

Cha pili ni chupa ya chai. Najua kila nyumba inayo, ila wengi hawaifanyishi kazi yote inayoiweza. Mimi nachemsha maji usiku wakati gesi imeshawaka kwa ajili ya chakula, naijaza chupa ya lita mbili mpaka karibu na kizibo. Alfajiri saa kumi na moja yale maji bado ni ya moto. Nakoroga unga wa ulezi kwa maji baridi kidogo, namimina yale ya chupa, nabandika, na uji unatokota muda mfupi tu baadaye. Mwezi Julai, wakati maji ya bomba yanauma vidole, tofauti unaiona kwenye mtungi: gesi inakaa siku nyingi zaidi.

Kwenye chupa, chagua yenye kioo ndani kama watoto wako wamekua kidogo. Inatunza joto kuliko nyingi za chuma za bei ya chini. Ikiwa bado una mtoto wa kuvuta vitu mezani, nunua ya chuma kisichoshika kutu, na iwe yenye kuta mbili. Dukani itie maji ya moto na uishike kwa nje. Ikianza kupata joto, iache. Na kabla ya kutia chai, isuuze kwanza kwa maji ya moto, maana chupa iliyolala jikoni usiku wa baridi inameza joto la kikombe cha kwanza na cha pili. Kitu kimoja sikifanyi: silazi uji wa maziwa kwenye chupa usiku kucha. Ukishakuwa vuguvugu unachacha, na tumbo la mtoto halina subira. Uji napika asubuhi, unaingia kwenye chupa ndogo, wanakunywa mapumziko ya saa nne.

Halafu kuna kapu. Hili halikunigharimu karibu chochote, na wageni wakiliona wanadhani ni pambo. Ni kapu kubwa la milulu, kazi ya akina mama wa Iringa, nilipewa na mama. Ndani nimelizungushia blanketi kuukuu, na juu nina mto niliojaza vipande vya nguo. Mchele wa Kyela nauchemsha na maji yake kwa dakika chache, nafunika sufuria vizuri, nalishusha moja kwa moja kwenye kapu na kulikandamizia mto. Baada ya saa moja wali umeiva, haujaungua chini, na ile harufu ya Kyela imebaki yote ndani. Ukifunua mto inajaa nyumba. Wakati huo gesi inapika mboga. Sufuria iwe imejaa vya kutosha, kwa sababu chakula kidogo kinapoa upesi. Kama unaweka maharage kwenye kapu, hasa yale mekundu, yachemshe kwanza kwa nguvu zaidi ya dakika kumi, kwa sababu maharage mekundu mabichi yana sumu ambayo joto la kapu peke yake haliiondoi. Mimi maharage nayaachia presha kuka, kapu nalitumia kwa wali, viazi na kuweka mboga ya moto kumsubiri baba akifika usiku.

Mama mwenye pesa ya kitu kimoja tu, namshauri aanze na chupa nzuri, ashone kapu wikendi moja, na presha kuka aichangie polepole.

Sasa la usiku, na hili naliandika kwa uzito. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia zilizoingiza jiko la mkaa chumbani zipate joto na asubuhi hazikuamka. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, na anayelala haisikii ikimwingia. Mkaa ambao umeshatulia na hautoi moshi bado unaitoa. Tafadhali, dada yangu, usiingize jiko ndani hata kwa muda mfupi, hata ukiacha dirisha kidogo wazi.

Mimi natumia chupa ya mpira ya maji ya moto, zile bapa zinazouzwa maduka ya dawa. Naijaza maji ya moto yasiyotokota, kama theluthi mbili, naibana mpaka hewa itoke, nafunga, naizungushia taulo na kuiweka kitandani kabla watoto hawajapanda. Wakilala naisogeza miguuni kwa wakubwa. Kwa mdogo naiondoa kabisa, maana ngozi ya mtoto mchanga inaungua kwa joto ambalo wewe unaliona la kawaida. Kagua mpira wake kila mwaka. Ukiona nyufa kwenye shingo, itupe. Kwa bei yake, sijaona kitu kinachompa mama usingizi kama hiki.

Kuoga nako nimekusogeza. Watoto wakitoka shule jua likiwa bado lipo, beseni jeusi lililoanikwa uani tangu mchana lina maji vuguvugu, naongeza kidogo tu ya chupa. Saa mbili usiku maji hayo hayo yangehitaji sufuria zima la moto. Wakitoka tu, kabla ngozi haijakauka kabisa, nawapaka mafuta ya mgando. Upepo wa Juni na Julai unapasua mashavu na visigino, na nimejaribu losheni za bei kubwa zenye harufu nzuri, hazifiki mchana. Mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyo na manukato, yanazuia maji ya ngozi yasipotee, na kopo moja linatosha nyumba nzima.

Masweta ya shule yana taabu yake, hasa Novemba mpaka Aprili wakati mvua haituachii kamba. Nafua Ijumaa jioni kwa sabuni ya mche, kwa maji ya vuguvugu, bila kusugua kwa nguvu. Halafu nalitandika sweta juu ya taulo kavu, naviringisha pamoja, namwambia mtoto apande juu akanyage. Taulo linanyonya maji mengi kuliko mikono inavyoweza kukamua, na sweta halivutiki mikono ikafika magotini. Nalianika likiwa limelala juu ya kiti cha kamba, jikoni, sehemu yenye hewa. Jumapili mchana linakuwa limekauka.