Duka la vitabu la Majengo: nyota nne, ya tano imeliwa na foleni

Naanza na malalamiko niyatoe rohoni kabisa halafu nisifie vizuri. Jumanne ile ya tarehe 22 Oktoba 2024 nilisimama nje ya duka la watu saa nzima na dakika arobaini, na jua la Dodoma la Oktoba mnalijua, mvua bado sana, vumbi linakufuata mpaka kwenye meno, ndani feni ni moja na imemgeukia muuzaji peke yake. Viti viwili. Tulikuwa wazazi na watoto kama sitini hivi na vile viti viwili vimekaliwa na nani? Maboksi ya madaftari.

Haya, kwa wasiojua tulifuata nini. Wenye watoto wa kuanzia darasa la tatu mpaka fomu wani, hasa wa hizi shule za ingilishi midiamu, mnaujua ule mfululizo wa dayari ya yule mtoto mwenye nywele tatu kichwani, Diary of a Wimpy Kid. Cha kwanza kilitoka 2007, na siku hizi ikifika Oktoba kinashuka kipya na nyumba haikaliki. Hiki cha safari hii ni cha 19. Wa kwanza wangu yuko la sita anavyo vyote kasoro viwili, wa pili yuko la tatu anasoma michoro kuliko maneno ila kwa ubishi wa nini kilitokea kitabu cha ngapi humuwezi. Tarehe ilizungushiwa duara kwenye kalenda ya jikoni tangu Agosti. Birthday yangu mimi ni mwezi huohuo, hakuna aliyeizungushia kitu.

Na mwaka jana tuliumizwa jamani. Nilinunua kwa mtu mtandaoni, kikaja na bodaboda, kava linang'aa, nikasema hapa nimepata. Kufungua ndani wino umefifia kama fotokopi ya mtihani wa majaribio, ukurasa wa 96 ukiisha unarudi wa 65, unasoma yaleyale mpaka tena 96 halafu inaruka, na mwisho hamna. Yaani mwisho haupo kabisa. Mtoto akajitungia mwisho wake kichwani akaenda kuuhadithia shuleni kwa kujiamini, mpaka akatokea mwenzake mwenye orijino. Wiki nzima hataki kwenda shule anasema tumbo. Yule muuzaji nikimpigia hapokei, nikatuma meseji tiki mbili za bluu, kimya mpaka leo.

Njia nyingine ilikuwa Dar. Miaka yote ukitaka kitabu cha hivi siku yake unamsumbua shemeji Dar apite dukani, halafu ampe kondakta, halafu wewe uende stendi Nzuguni ukagombane na watu wa vifurushi. Sasa hivi treni ya SGR ipo lakini nauli ya daraja la kawaida ni 31,000, kwenda na kurudi 62,000, kwa kitabu kimoja? Hapana kwa kweli.

Kwa hiyo nilipoona stetasi ya huyu mama mwenye duka mwezi wa tisa kwamba anachukua oda na kitatoka siku ileile kinapotoka duniani, nilicheka. Duka lenyewe ukilijua utacheka na wewe, liko ule upande wa Soko la Majengo kwenye vifremu, nusu ni vitabu nusu ni steshenari, mlangoni kuna mifagio anauza sijui kwa nini. Bei 45,000, adivansi 20,000, anaandika kwenye kauntabuku jina la mzazi, jina la mtoto na darasa, unapewa kikaratasi kimegongwa mhuri. Nilitoa ile elfu ishirini kama mtu anayetoa sadaka, moyoni nimeshaiaga.

Jumatatu usiku akaweka picha ya boksi limefika, selotepu zote ziko sawa, chini kaandika "Kesho saa kumi jioni." Grupu la wazazi likawaka. Kwa nini saa kumi, kwa nini sio asubuhi, wengine tuko kazini, wengine tunataka tumfanyie mtoto sapraizi akitoka shule. Mi mwenyewe niliandika nikiwa na hasira kidogo, maana Mtumba mpaka mjini sio hapa na hapa, na ofisini tunatoka tisa na nusu, nikaombe ruhusa nimwambie bosi nakwenda kununua kitabu cha katuni? (Nilisema nampeleka mtoto kliniki. Mungu anisamehe.) Mama wa duka akajibu kwa sauti, sekunde kama kumi tu: nikifungua asubuhi, wenye wazazi wenye nafasi watakuwa wamesoma mpaka mwisho kabla ya saa kumi, na wataenda kuwamalizia wenzao utamu. Wote saa ileile. Basi.

Hapo ndio nilipoanza kumheshimu, ingawa mguu uliniuma baadaye.

Wakubwa wenzangu mnakumbuka ile ya 2007, Julai 21, kitabu cha saba na cha mwisho cha yule kijana mchawi mwenye miwani, Harry Potter. Uingereza kilifunguliwa saa sita usiku, kwetu hapa ilikuwa saa nane usiku, na Marekani peke yake zilitoka nakala milioni 8.3 ndani ya siku moja. Nilikuwa naangalia kwenye taarifa ya habari watoto wamevaa majoho wamejipanga barabarani usiku na wazazi wao, nikasema wazungu wana muda. Sasa nimekuwa mimi, Majengo, nimebeba mabegi mawili ya shule.

Tulifika saa tisa na dakika kumi. Boksi liko juu ya meza ya kaunta, limefungwa, kila mtu analiona. Nadhani alifanya makusudi. Kama saa tisa na nusu hivi likaja V8, linapaki vibaya limeziba genge la mama muuza nyanya, akashuka baba mmoja na shati la kitenge zuri, na dereva nyuma. Hana oda. Anataka nakala moja, analipa laki, sasa hivi, mtoto ana safari. Foleni yote tukanyamaza tunaangalia, unajua Dodoma yetu hii, kila mtu wa tatu ni mheshimiwa au dereva wa mheshimiwa. Yule mama akasema taratibu kabisa, "Mheshimiwa karibu, zipo tatu hazina mwenyewe, zitapigiwa kura wenye oda wakishamaliza. Kaa upumzike." Akae wapi sasa, maboksi yamekalia viti. Baba wa watu akasimama na sisi. Mama wa nyanya akamuomba dereva asogeze gari, akasogeza.

Saa kumi juu ya alama kikapita kisu kwenye selotepu. Watoto walipiga kelele mpaka mafundi cherehani wa ng'ambo wakaja kuangalia kuna nini. Na anaita jina la mtoto, sio la mzazi, anaita jina na darasa kama mahafali vile, mtoto anapita mbele mwenyewe anapokea kwa mikono miwili, mzazi unabaki pembeni na pochi yako. Ila kabla ya kushika lazima unawe. Hii ilinifurahisha sana. Nje pale kuna kijana anauza ubuyu, ule wa rangi, na foleni nzima watoto walikuwa wameshakula vidole vyekundu mpaka viwiko, sasa mlangoni kaweka ndoo yenye koki, sabuni na taulo, hakuna kuingia na ubuyu. Kuna mtoto alinawa mara tatu akarudishwa.

Shida ikaja kwenye malipo. Wote tulikuwa tunamalizia 25,000, na karibu wote tunataka kulipa kwa simu, na mtandao ukachagua dakika hizohizo kulala. Muamala hauendi, haurudi, hela imekatwa kwako kwake haijaingia. Foleni ikasimama dakika ishirini nzima. Wenye keshi nao chenji hamna. Dada unauza kitabu cha elfu arobaini na tano, oda unazo tangu mwezi wa tisa, unajua kabisa watu watakuja na noti za elfu kumi, ulishindwa nini kutafuta elfu tano tano? Mwisho akaanza kuwaachia watu wanaenda na kitabu wakilipa mtandao ukirudi, anaandika tu kwenye kauntabuku. Nilimuuliza baadaye kama wote walilipa, akasema mmoja bado, akacheka hakumtaja. Na mwanangu wa pili jina lake liliandikwa na ubini wa baba wa mtu mwingine, likaitwa mara mbili hakuna anayejitokeza, amenishika gauni analia kimyakimya anajua hayumo. Hilo nalo nimekata nyota, samahani.

Kulikuwa na bibi mmoja ametoka Mvumi na mjukuu wake, hela imefungwa kwenye pindo la khanga, katusalimia wote pale "mbukwenyi" kama tuko msibani. Mjukuu alipopewa akakaa kwenye ngazi akaanza kumsomea palepale, anasoma Kiingereza sentensi moja anamgeuzia Kigogo sentensi moja. Bibi akachukua kitabu akakitazama lile kava muda mrefu, nywele tatu zile, akauliza huyu mtoto anaumwa nini. Foleni nzima tulikufa.

Kura za zile tatu zilipigwa kwa vikaratasi kwenye kofia. Mheshimiwa akamtuma dereva achukue, kikatoka cheupe. Akacheka mwenyewe, akanunua mfagio. Sitanii.

Sasa bidhaa yenyewe maana hii ni tathmini ya duka. Kava gumu, karatasi nzito, wino mweusi tii, michoro haijavuja upande wa pili. Wa kwanza wangu kabla hajatoka mlangoni alihesabu kurasa namba kwa namba, mpaka ya mwisho, jeraha la mwaka jana hilo, nikataka kumwambia twende tumechelewa nikamwacha. Nakala ya wa pili ilikuwa imekunjika kona kidogo na sikuwa hata nimeona, mwenyewe mama ndio kaona, akanirudishia 3,000. Ndiyo, nilinunua mbili, tisini elfu kasoro tatu. Nilijaribu mwaka jana kuwaambia wasome pamoja, hayo makubaliano yaliishia na kitabu kwenye ndoo ya maji.

Kitu kimoja kilinikaa kichwani nikiwa pale kwenye foleni. Rafu ya karibu na mlango, chini kabisa, usawa wa macho ya mtoto, kaweka vitabu vya hadithi vya Kiswahili, 5,000 mpaka 8,000. Watoto wakichoka kusubiri wanachuchumaa wanavuta kimoja. Niliona wazazi kama watano wamelipia na vya hivyo, mimi nikiwemo, na kusema ukweli wa pili wangu alimaliza kile cha elfu sita usiku uleule, hiki kingine anacho mpaka leo anaangalia picha. Lakini umeshaona foleni ya kitabu cha Kiswahili? Tuna Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, tangu 2023 inatolewa tarehe 13 Aprili siku aliyozaliwa Mwalimu, nzuri sana, washindi tunawaona kwenye tivii. Siku kitabu chenyewe kinapoingia dukani nani anaijua? Nani kaizungushia duara kwenye kalenda? Nilimwambia huyu mama afanye na vya Kiswahili hivihivi, boksi juu ya kaunta, saa kumi, majina ya watoto. Akasema niletee tarehe mimi nitaleta boksi. Sikuwa na jibu.

Kwa anayetaka kwenda: mwambie bodaboda Majengo, vifremu vya steshenari, uliza duka la vitabu lenye mifagio nje. Ijumaa anafunga mchana kidogo kwa ajili ya swala. Ukilipa kwa simu jina linalotokea ni la mdogo wake wa kiume, usishtuke kama mimi nilivyoshtuka nikaanza kupiga kelele za utapeli mbele za watu. Beba keshi, tena iliyochenjiwa, na maji ya kunywa. Viti nimeambiwa ataongeza, nitaamini nikikalia.

Nyumbani umeme ulikata saa moja usiku, nikajua leo watalala mapema. Nilipopita saa nne nikaona mwanga wa simu yangu chini ya blanketi, chaji asilimia sita, na wa kwanza ananiambia bila kugeuka, "Mama, kurasa nane tu." Nikakaa kitandani kwake nikasubiri.