Mfarishi wa chini ya bembea: nimeujaribu kwa baridi ya Magamba

Wenzangu mnaopanda Lushoto kulala kwenye msitu wa Magamba ndani ya bembea, ile ya kitambaa inayotundikwa kati ya miti, mnajua kinachomwamsha mtu saa tisa usiku: mgongo. Juu una blanketi na begi la kulalia, soksi nzito miguuni, na bado chini unaganda. Kwa sisi tuliozoea joto la Tanga mjini, Julai ya kule ni adhabu.

Begi la kulalia halina moto wake. Linalofanya ni kushika hewa ndani ya pamba, na hewa hiyo ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoke. Ukililalia, uzito wako unaikamua hewa yote, chini unabaki na kitambaa kitupu, na upepo unapita hapo mpaka alfajiri. Ongeza mablanketi juu utakavyo, mgongo hautapona.

Ndiyo maana nikamwendea fundi cherehani mmoja wa Ngamiani anishonee mfarishi wa kuning'inia. Nje ni kitambaa cha parashuti, ndani pamba ya mito tabaka mbili, imepigwa mistari ya uzi isikimbilie pembeni. Ncha zote mbili zina lastiki za kufungia kwenye kamba za bembea. Haulaliwi huu, unakaa nje, chini ya bembea, na pamba inabaki imetuna. Kila kitu shilingi 55,000.

Kule Magamba ukungu ulishuka kabla ya magharibi, na alfajiri kipimajoto changu kilisoma nyuzi 9. Nililala na sweta moja, mgongo ukiwa wa moto hadi ndege walipoanza kelele. Kwa kweli nimefurahi mno.

Kazi iko kwenye kuufunga. Ukilegea, unaacha uwazi na baridi inaingia humo. Ukikazwa sana, pamba inabanwa na faida yote inapotea. Lala ndani, kisha mwambie mwenzio apitishe mkono chini: mfarishi ugusane na bembea bila kuvutwa.

Kasoro zipo. Ukikunjwa unajaza nusu ya begi, lastiki ya miguuni ni nyembamba, na mvua ikiupata haukauki upesi, kwa hiyo turubai lishuke chini pande zote. Asiye na fedha hiyo akate kipande cha sponji ngumu akiweke ndani ya bembea. Kinateleza usiku na mabega hubaki nje, lakini ni bora kuliko blanketi la tatu.

Na tafadhalini, jiko la mkaa lisiingie chini ya turubai hata kama meno yanagongana. Hewa yake ya sumu haina harufu, inaua watu usingizini. Jazeni chupa maji ya moto, mfunge vizuri, muiweke mapajani.

Mkienda kushona, bebeni bembea yenyewe. Fundi aipime ikiwa imetundikwa na mtu yumo ndani, maana ikiwa tupu umbo lake ni jingine kabisa.