Shabu ya mawe ya duka la viungo kwa kazi ya rangi za mimea

Kitambaa kisichoandaliwa, ukikitumbukiza kwenye maji ya maganda ya vitunguu, kitapata rangi, lakini sehemu kubwa itaondoka kwenye kufua. Kinachoishika rangi ni shabu, ileile watu wanayosafishia maji na kupaka kwapani. Maduka ya viungo na dawa za asili huiuza ya mawe na ya unga. Kwa kazi hii nunua mawe.

Jiwe linajionyesha lenyewe. Shabu nzuri hupitisha mwanga kama barafu na haina michirizi ya njano wala ya kahawia. Michirizi hiyo mara nyingi ni chuma, na chuma kidogo tu hugeuza njano safi kuwa kijani cha matope. Unga huwezi kuukagua kwa macho, na unaweza kuwa umechanganywa na chochote. Kama umeshaununua, yeyusha nusu kijiko cha chai kwenye maji moto, kisha mimina chai ya rangi iliyokolea. Yakigeuka kijivu au meusi, urudishe dukani. Mawe mengine ni shabu ya amonia, si ya potasiamu. Ukiyachanganya na magadi hutoa harufu kali kama ya choo. Hiyo si kasoro, rangi inashika vilevile. Fungua madirisha tu.

Kwenye sufu na hariri shabu hufanya kazi peke yake. Pamba ndiyo yenye kazi, kwa kuwa haiishiki shabu vizuri mpaka ipate tanini kwanza, yaani ule ukakasi unaokaza ulimi, kama wa maganda ya komamanga, na hapa ndipo wengi huilaumu shabu bure. Kwa nusu kilo ya amerikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, iliyopimwa ikiwa kavu, anza kwa kuichemsha saa nzima na sabuni ya mche na vijiko viwili vya magadi. Maji yatatoka rangi ya chai hafifu: ni nta na uchafu wa pamba. Ukiruka hatua hii utapata mabaka. Suuza, kisha loweka saa mbili kwenye maji ya moto yaliyochemshiwa gramu 100 za maganda makavu ya komamanga na kuchujwa. Kamua bila kusuuza.

Sasa ponda gramu 75 za shabu, yaani asilimia 15 ya uzito wa kitambaa. Iyeyushe kwenye lita moja ya maji moto mpaka isibaki chembe, ndipo uimimine kwenye ndoo ya maji ya moto ambayo kitambaa kitajigeuza bila kubanana. Chembe isiyoyeyuka huacha doa. Kilale humo usiku kucha, asubuhi ukisuuze mara moja. Kuzidisha shabu hakuongezi rangi. Inayobaki bila kushika huachia kitambaa ndani ya sufuria ya rangi na kuigandisha rangi chini kama tope.

Maganda ya vitunguu, gramu 300 yakiwa makavu, ni mfuko mkubwa kweli, kwa hiyo zungumza na wauza mboga mapema. Yachemshe saa moja kwa moto mdogo, chuja, weka kitambaa saa nyingine, kisha kiache kipoe humo humo. Maji ya vitunguu vyekundu, kama vya Singida au Mang'ola, huwa mekundu kama ya rosela, lakini kitambaa hutoka dhahabu iliyoelekea kijani au kahawia. Usitumie chungu cha chuma, wala sufuria utakayorudi kupikia chakula.

Kwa vitunguu, shabu ya mawe naipa alama zote. Kwa bizari ya manjano sivyo: rangi yake hupendeza siku ya kwanza, kisha jua huila hata ukifuata kila hatua. Na kitambaa chenye poliesta usikiharibie shabu. Choma uzi wake mmoja: pamba huacha majivu laini, poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu.